Bega la Lynn na Mikono ya Mamake

Lynn alipokuwa darasa la kwanza, mtu hangeingia saluni ya mamake pale Kiganjo akatoka bila kuonyeshwa vile mtoto yule anavyojikunja. Wateja wenyewe ndio walioomba. Mwanamke ameketi kitini, kichwa kimesukwa nusu, hawezi hata kugeuza shingo, lakini atasema: "Lynn, si utuonyeshe kidogo?" Na Lynn ataacha kitabu, arudishe kidole gumba nyuma mpaka kilale juu ya mkono, akunje viwiko upande usiokunjwa, kisha aketi sakafuni katikati ya vipande vya nywele na kuutia mguu nyuma ya shingo kama mtu anayevaa skafu. Wanawake wanapiga makofi. Wengine wanafunika macho. "Woi! Huyu mtoto hana mifupa!"

Wamboi, mamake, aliendelea kusuka huku akitabasamu. Hakuona ajabu. Yeye mwenyewe alipokuwa msichana huko Murera alifanya hayo hayo nyuma ya darasa, wenzake wakimlipa kwa nusu mandazi. Hata sasa, mama mzima, kidole gumba chake kilikuwa kikiteleza kutoka mahali pake katikati ya kazi. Alikigonga kwenye paja, kikarudi kwa mlio mdogo, akaendelea na rasta zake. Alidhani kila msusi ana gumba la namna hiyo.

Mume wake, Waweru, aliendesha lori la kuuza maji, na simu yake ilijaa video za binti yake. Akisimama kujaza tangi la mtu, anamwonyesha mwenye boma. "Angalia huyu wangu. Siku moja utamwona kwa televisheni."

Lakini mtoto huyo huyo aliyeshangiliwa alikuwa akianguka mahali tambarare. Anatembea tu, hakuna jiwe, hakuna shimo, mara yuko chini na magoti yamechunika. Jioni alilia kwamba miguu inamuuma, na Wamboi alimkanda kwa mafuta mpaka alale. Majirani walisema anakua, mifupa inarefuka. Mwalimu wa darasa naye alisema Lynn ni mvivu wa kuandika. Mistari miwili tu na penseli iko chini, anatikisa mkono. Wamboi alimgombeza kwa hilo. Kwake uvivu ulikuwa kitu cha aibu kuliko vyote.

Shuleni, mwalimu wa michezo alipoona vile Lynn anavyojikunja, alimtia kwenye kikundi cha sarakasi kilichokuwa kikijiandaa kwa siku ya wazazi. Hapo ndipo kifundo cha mguu kilipoteguka mara ya kwanza. Kikafungwa, kikapona, kikateguka tena. Mara ya tatu, daktari wa kliniki ya hapo karibu alikishika kile kifundo, akakizungusha, akakiachilia. Akamwambia Wamboi: "Mama, mimi naweza kufunga bandeji kila mwezi, lakini hapa kuna kitu kingine. Nenda Ruiru, kuna mama anaitwa Dianah, ni fizio, anatibu viungo kwa mazoezi. Muone yeye."

Dianah alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kubembeleza wazee wainuke. Chumba chake kilikuwa na kitanda kimoja, mipira mikubwa, na mikanda ya raba iliyotundikwa ukutani. Alimwomba Lynn akunje vidole, anyooshe viwiko, asimame magoti yakiwa sawa, kisha ainame aweke viganja sakafuni. Lynn alifanya yote, na mwishoni akaongeza na la mguu nyuma ya shingo, akangoja.

Hakuna aliyepiga makofi. Dianah aliushusha ule mguu polepole, akamketisha vizuri. Kisha akamgeukia mama.

"Na wewe hebu nipe mkono."

Wamboi alicheka kidogo. "Mimi si mgonjwa."

"Najua. Nipe tu."

Akampa. Dianah alikisukuma kidole gumba kwa kidole kimoja, taratibu, na kikalala nyuma kama cha mtoto. Akanyoosha kiwiko, kikapita mstari. Akauliza kama huwa kinateleza. Akauliza kama mgongo unauma jioni, kama magoti yanamsumbua akisimama sana, kama alizaa kwa shida. Kila swali, Wamboi aliitikia kwa sauti ndogo kuliko ile ya swali lililotangulia.

"Mnafanana," Dianah alisema. "Si kipaji, Mama Lynn. Kuna kamba zinazoshika mfupa na mfupa. Zenu ni laini kuliko za watu wengine. Mfupa unatembea mbali kuliko vile unatakiwa, na kila ukitembea hivyo unaumiza kitu. Sasa misuli yake inafanya kazi mara mbili ndiyo asimame tu wima. Ndiyo maana anachoka. Si uvivu."

"Kuna dawa ya kukaza hizo kamba?"

"Hakuna."

"Basi akae asicheze?"

"Hapana, kukaa ndiyo mbaya zaidi. Misuli ikilala, hakuna kitu cha kushika viungo. Lazima acheze. Shida ni acheze nini." Akaanza kueleza, akihesabu kwa kugusa mabega ya Lynn, viwiko, magoti. Sarakasi, hapana kabisa. Mieleka na judo, hapana, kwa sababu huko mtu anavutwa mkono na kuangushwa. Kunyoosha viungo hahitaji, ameshanyooka kupita kiasi, anahitaji nguvu. Kuogelea ni kuzuri, baiskeli pia, kutembea pia. Karate au taekwondo, inategemea mwalimu kuliko mchezo wenyewe. "Ukipata anayesikia, anaweza kumsaidia sana. Ukipata asiyesikia, nitamwona hapa. Na hii mambo ya kuonyesha watu iishe leo. Umenisikia, Lynn?"

Lynn alitazama chini. Alikuwa na miaka tisa, na ilikuwa mara ya kwanza mtu mzima kumwambia kwamba kitu kile anachokifanya vizuri kuliko watoto wote wa Kiganjo hakifai.

Walipotoka pale, Wamboi alimnunulia mtoto soda, akaketi naye kwenye benchi ya kioski. Yeye hakunywa. Alikuwa akimfikiria mama yake, aliyevuna kahawa kwenye shamba la tajiri mmoja huko Murera. Mama yule aliangusha vikombe, aliangusha sufuria, na ndoo ya kahawa alikuwa akiijaza wa mwisho kila siku. Baba alimwita mvivu mbele ya watoto, na mwishowe akaenda kuoa mwingine. Wamboi alikumbuka jinsi yeye mwenyewe, msichana wa darasa la sita, alivyomjibu mamake kwa ukali siku aliyoangusha chungu cha githeri: "Kwani wewe huwezi kushika kitu?" Mama aliokota yale mahindi na maharagwe moja moja. Alishakufa sasa, miaka mingi, na hakuna mtu aliyewahi kumshika mkono na kumuuliza kama unauma.

"Mami, unalia?" Lynn aliuliza.

"Vumbi tu. Kunywa soda."

Waweru hakuipokea habari ile vizuri. "Ati kitu amezaliwa nacho, kila mtu anasifu, ndiyo ugonjwa? Huyo daktari wako anatafuta wateja." Lakini jioni hiyo Lynn alipoanza kulia miguu, ni yeye aliyechukua mafuta, akamkanda kimya kimya, na baada ya hapo hakuitaja tena habari ya televisheni.

Ikaanza kazi ya kutafuta mchezo. Walijaribu kuogelea kwanza, kwenye bwawa la hoteli moja huko Ruiru. Ilikuwa Julai, baridi imeshika, anga limefunga tangu asubuhi. Lynn alitetemeka mpaka midomo ikabadilika rangi, na mwalimu wa pale alimfundisha kupiga miguu kama chura mpaka goti likavimba. Walipofika nyumbani alisema harudi. Waweru akaleta baiskeli iliyotumika, akaipaka rangi mwenyewe. Ilikuwa nzuri, lakini barabara ya Kiganjo ni ya bodaboda, na mtoto akishika usukani kwa muda mrefu vifundo vya mikono vinawaka. Baiskeli ikaegemezwa ukutani.

Karate aliichagua Lynn mwenyewe. Kulikuwa na ukumbi wa kanisa si mbali na saluni, na jioni tatu kwa wiki zilisikika sauti za watoto wakihesabu kwa pamoja na kupiga kelele moja kali mwishoni. Lynn alisimama dirishani hapo. Rafiki yake Mourine alikuwa ndani, amevaa nguo nyeupe zilizomzidi. Lynn alirudi nyumbani akiwa na uso ambao Wamboi hakuwa ameuona tangu siku ya Dianah.

"Mami, hao hawajikunji. Wanasimama tu imara."

Wamboi hakukurupuka. Alianza kwa kwenda mjini Thika, kwa mwalimu mmoja aliyesifiwa, aliyefundisha juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Alimweleza yote. Yule mwalimu aliushika mkono wa Lynn, akauzungusha nyuma ya mgongo, akauinua juu, na macho yakamng'aa. "Mama, huyu hata akikamatwa haumii! Watoto kama hawa tunatafuta na hatupati." Wamboi aliutoa mkono wa binti yake kwenye mikono ya yule mtu, akashuka ngazi naye, hakuaga.

Ndipo akaenda kwenye ukumbi wa kanisa. Mwalimu wa pale, ambaye watoto walimwita Sensei, alikuwa Okello, fundi wa kuchomea mageti. Mchana alikuwa na miwani meusi na cheche. Jioni alioga, akavaa nyeupe. Alimsikiliza Wamboi mpaka mwisho, ameketi kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti.

"Hiyo kitu mimi siijui," alisema. "Sitaki kukudanganya. Huyo daktari ana simu?"

Akampigia Dianah palepale, wakazungumza kwa muda mrefu. Okello alikuwa akiuliza maswali ya fundi: kiungo kinaishia wapi, mzigo unakaa wapi, nini kinavunjika kwanza. Alipomaliza alimwita Lynn, akamwambia arushe ngumi hewani. Lynn akarusha, na kiwiko kikaenda mpaka mwisho, kikapita.

"Simama hapo. Sasa rudisha kidogo. Kidogo tena. Hapo. Fikiria kuna yai ndani ya kiwiko chako. Ukinyoosha yote, unalivunja. Unataka kulivunja?"

"Hapana, Sensei."

"Na magoti pia yana mayai yake. Teke lako halipiti kiuno, hata wengine wakipiga mpaka dari. Wakati wenzako wananyoosha miguu, wewe unafanya kazi ya tumbo na mgongo. Hupigani na mtu. Utacheza kata peke yako, yale mapigo ya kufuatana. Utachoka kuliko wote na hakuna atakayejua. Utaweza?"

Lynn alisema ataweza.

Ule ulikuwa mwaka wao mzuri. Wamboi alipofunga saluni mapema kidogo, alipita pale, akasimama mlangoni, akamwona binti yake akitembea kutoka ukuta mpaka ukuta, taratibu, kama mtu aliyebeba maji asitake yamwagike. Kila hatua goti limekunjwa kidogo. Kila ngumi imesimama kabla ya mwisho. Okello alipita nyuma yake, anagusa kiwiko kwa kidole. Kufikia Krismasi Lynn alikuwa hajaanguka kwa wiki nyingi. Usiku alilala. Mwalimu wa darasa aliuliza ni nani anamfundisha kuandika. Alipata mkanda wa njano kwa kata peke yake, na Waweru, aliyekuwa amekuja na lori lake la maji akaliegesha nje ya kanisa, alimbeba begani mpaka nyumbani.

Kisha baba yake Okello akafariki kule Siaya. Okello ndiye mzaliwa wa kwanza. Kulikuwa na mama mzee, shamba, na wadogo wake wanaosoma. Alikuja saluni kuaga, akasimama mlangoni maana kulikuwa na wateja.

"Mama Lynn, mimi naenda. Watoto nimemwachia Lenny. Ni kijana mzuri, ana mkanda mweusi, anapenda watoto. Nimemweleza habari ya Lynn. Na wewe mweleze tena."

Wamboi alimweleza tena. Lenny alikuwa kijana mchangamfu, mrefu, aliyefanya kazi kiwandani na kutumia jioni zake zote kwa wale watoto bila malipo ya maana. Alisikiliza, akatikisa kichwa. "Sawa mathe, usijali. Lynn yuko kwa mikono salama." Na hakudanganya, alikusudia hivyo kweli.

Kilichotokea baadaye Wamboi alikuja kukijua kwa vipande vipande, kutoka kwa Mourine. Jioni moja watoto walikuwa wakinyoosha miguu, wanalalamika, wanavutana. Lynn alikuwa pembeni na mazoezi yake ya tumbo. Mmoja akamcheka Lynn kwamba anaogopa. Lynn akainuka, akaja katikati, akaishusha miguu yake sakafuni, mmoja mbele mmoja nyuma, bila kushika kitu, mpaka akakaa chini kabisa. Akainua mikono. Lenny akapiga makofi. "Waa! Lynn, kwani ulikuwa umeficha hii?" Tangu jioni hiyo Lynn aliwekwa mbele wakati wa kunyoosha. Akawa anapiga teke mpaka sikioni. Nyumbani hakusema. Miguu ilipoanza kumuuma tena alijikanda mwenyewe, mlango umefungwa.

Mwezi wa nne kulikuwa na mashindano kwenye uwanja wa shule moja huko Ruiru. Lynn alikuwa ashindane kwa kata tu. Wamboi alifunga saluni siku nzima, akavaa gauni lake la kanisani. Waweru alikuwa na maji ya kupeleka, akasema atafika mchana.

Kabla ya mashindano kila kikundi kilionyesha kitu kidogo cha kufurahisha wageni. Kikundi cha Kiganjo kilipoitwa, Lynn alitoka wa kwanza, peke yake. Alitembea mpaka katikati ya mikeka, akainama, akaishusha miguu mpaka chini. Akageuka, akalala kifua sakafuni. Akainuka kwa mguu mmoja, na ule mwingine ukapanda, ukapanda, ukasimama kando ya kichwa chake kama mkono wa saa. Uwanja ulilipuka. Watu walisimama. Wamboi naye alisimama. Alikuwa anapiga makofi, analia kwa furaha, anamwambia mama aliyekuwa karibu naye, "Ni wangu! Huyo ni wangu!" Na Lynn, kutoka kule katikati, alimtafuta mamake kwa macho, akampata, akatabasamu.

Ilikuwa muda mfupi tu. Kisha Wamboi akakumbuka. Mikono yake ilibaki hewani, haijui iende wapi.

Alianza kuteremka ngazi za jukwaa akipenya kati ya watu, akiita. Lakini kelele zilikuwa nyingi, na pale chini mchezo ulikuwa umeendelea: mvulana mmoja alitoka, akamshika Lynn mkono kama mwizi anayevuta mkoba, na Lynn alitakiwa ageuke na kujitoa. Walikuwa wamefanya hivyo mara nyingi ukumbini. Mvulana alivuta, Lynn akageuka, na bega halikugeuka naye.

Hakupiga kelele sana. Ni sauti moja tu, fupi. Wamboi alipofika alimkuta ameketi kwenye mkeka, ameushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto kana kwamba ni mzigo wa mtu mwingine aliopewa amtunzie. Uso ulikuwa umekauka. Lenny alikuwa amepiga magoti mbele yake, anarudia neno moja: "Pole. Pole. Pole."

Hospitalini walilirudisha bega, wakafunga mkono shingoni. Dianah alipomwona siku chache baadaye hakugomba. Alikaa kwenye kitanda kando ya Lynn, akamshika ule mkono mwingine. Alimweleza Wamboi pembeni kwamba zile kamba za bega zilikuwa dhaifu tangu mwanzo, na sasa zimevutwa. Kwamba litatoka tena. Kwamba watajenga misuli polepole, labda kwa mwaka, labda zaidi. Kwamba karate imekwisha.

Na likatoka tena. Lilitoka akivua sweta. Lilitoka akinyoosha mkono kuchukua sahani. Mara moja lilitoka akiwa amelala, na Waweru alimbeba mpaka kwenye lori la maji, akaliendesha mpaka hospitalini na tangi zima likiyumba nyuma yao.

Lenny alikuja nyumbani kuomba msamaha. Aliketi ukingoni mwa kiti, kikombe cha chai kikipoa mbele yake, machozi yanamtiririka kijana yule mrefu. Waweru alitoka nje, hakuweza kukaa naye chumba kimoja. Wamboi alibaki. Alikuwa ameandaa maneno tangu siku ile, maneno makali, na alipofungua kinywa hayakutoka.

"Kunywa chai, Lenny," alisema.

Kilichomuumiza zaidi ni kwamba Lynn hakukasirika. Angepiga kelele, angerusha vitu, Wamboi angejua la kufanya. Badala yake mtoto alikuwa na adabu. "Asante Mami." "Sawa Mami." "Siumwi Mami." Mourine alipokuja kumtembelea akiwa na mkanda wake mpya wa kijani, Lynn aliusifu, akauliza maswali yote yanayofaa, akamsindikiza mpaka geti. Alirudi, akaketi na kitabu, na kwa muda mrefu hakugeuza ukurasa.

Jumapili moja baada ya kanisa, Wamboi alikuwa akimsuka mistari, mtoto ameketi kati ya magoti yake. Ndipo alipopata nguvu ya kuuliza.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu? Vile ulikuwa unafanya kwa ukumbi."

Lynn akasema, bila lawama yoyote, "Ungeniambia niache. Na ile kata, hakuna mtu hupiga makofi." Akangoja kidogo. "Siku ile nilikuona ukisimama. Nilifurahi sana."

Wamboi aliendelea kusuka mpaka mwisho wa mstari ule. Kisha mikono ikamkataa. Aliiweka juu ya mabega ya binti yake, kwa wepesi, asiuguse ule upande wa kulia, akaegemeza paji la uso kwenye kichwa kilichosukwa nusu.

"Nilikosea kupiga makofi," alisema.

"Ni sawa, Mami."

"Si sawa."

Baadaye akaanza mstari mwingine.

Mwaka huo mikono ya Wamboi yenyewe ilianza kuisha nguvu. Gumba lililokuwa likirudi kwa kugongwa pajani sasa lilikataa, na asubuhi vidole vilikuwa vigumu kukunja. Rasta ndefu zilimshinda. Alimwajiri Nekoye, msichana mwenye vidole vya haraka aliyetoka Bungoma, naye akabaki kuosha nywele, kukausha, kuuza mafuta, na kuzungumza na wateja. Wengine walimfuata Nekoye waziwazi. Wengine waliketi kwa Wamboi kwa heshima, wakiangalia saa. Lynn akitoka shule aliingia saluni, akaweka mkoba, na kabla ya kusalimia alitazama mikono ya mamake.

Jioni moja walikuwa peke yao, Nekoye ameenda, wanafagia nywele pamoja.

"Mami, na yangu itakuwa hivyo?"

Wamboi alikuwa na jibu tayari, lile jibu ambalo kila mzazi analo. Alimtazama mtoto, akaliacha.

"Sijui," alisema. "Inaweza. Mimi hakuna mtu aliniambia kitu, na nimesuka tangu nikiwa mdogo. Cucu yako, mamangu, naye hakuna mtu alimwambia. Wewe unajua. Labda hiyo itasaidia."

"Labda," Lynn alisema, akaendelea kufagia kwa mkono wa kushoto.

Sasa Lynn ana miaka kumi na miwili. Alhamisi, saluni ikiachwa kwa Nekoye, wanaenda Ruiru kwenye bwawa, lile lile alilolikataa. Dianah ndiye aliyesema warudi, na akasema mama naye aingie. Wamboi hakuwa amewahi kuingia kwenye maji yanayopita magoti. Siku ya kwanza alisimama ukingoni na fulana yake na suruali ya kubana, akiona haya mbele ya vijana wa hoteli, mpaka Lynn alipompa kiwiko ashike, maana hawashikani vidole kwa nguvu.

Hawaogelei sana. Wanatembea tu, maji yakifika kifuani, kutoka ukuta mmoja mpaka mwingine, na kurudi. Kisha Lynn anakumbatia kibao cha kuelea kifuani, anapiga miguu taratibu, bega la kulia limebanwa karibu na mwili. Anafanya kila kitu alichoagizwa. Hapendi, Wamboi anajua hapendi. Hakuna mkanda hapa, wala kuhesabu kwa pamoja, wala ile kelele moja kali ya mwisho. Siku nyingine watoto wengine wanaruka kutoka ukingoni wakicheka, na Lynn anawatazama, kisha anageuka na kuanza tena upande ule mwingine.

"Polepole, Mami," anasema. "Usisukume goti nyuma."

"Nimesikia."

Wanamaliza, wanatoka. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Wamboi anamkausha mgongo, anamvisha sweta akianzia mkono ule mbaya, vile walivyofundishwa. Lynn anasimama, macho yameangalia vigae, anasubiri kichwa kitoke upande wa pili. Halafu anamgeukia mamake, anamfunga vifungo vya blauzi, kimoja baada ya kingine, kwa sababu baada ya maji ya baridi Wamboi hawezi kuvifunga mwenyewe.